Mbuzi Aliyewasha Taa

Jumatatu, 3 Februari

Ile karatasi imerudi. Miaka thelathini na saba imepita, na leo imeingia tena nyumbani kwangu, safari hii ndani ya begi la Marit, binti yangu wa darasa la nne. Soma kitabu. Chagua tukio moja. Litengeneze ndani ya boksi la viatu. Shule ileile, korido ileile, boksi lilelile. Hawa walimu hawachoki?

Mimi nilipewa D. Nilikuwa na miaka tisa. Kitabu chenyewe nilikipenda kuliko kitu chochote chenye kurasa: msichana anaishi kwenye mnara wa taa, kando ya ziwa letu hilihili, yeye na mbuzi wake Petra. Nikajenga mnara, nikaumba mbuzi, nikaungua vidole kwa gundi ya moto. Mwalimu Ostrander akaandika kwa wino mwekundu: "Kazi hii haioneshi kwamba mwanafunzi amesoma kitabu." Karatasi ninayo mpaka leo, kwenye droo ya soksi.

Sasa Marit kasoma kitabu gani? Hichohicho. Kakiazima mwenyewe maktaba kwa sababu jalada lina mbuzi. Mtu akiniambia imetokea tu, simsikilizi.

Jambo lenyewe si la mchezo. Marit anakaa meza ya pembeni, ya watoto wanaosoma kwa shida. Hiki ndicho kitabu chake cha kwanza kukimaliza peke yake. Mwalimu wake, kijana mmoja anaitwa Pruitt, amesema akipata B kwenye kazi hii anahamia meza kubwa kwa rafiki zake. Akikosa, atabaki pembeni mpaka kiangazi. Kutwa mtoto anaitaja hiyo meza kubwa.

Mke wangu Janelle kanikazia macho akasema nisiliguse boksi la mtoto. Nikaapa. Boksi la mtoto sitaligusa. Nitatengeneza langu.

Jumanne, 4 Februari

Nimetoka kazini, kusukuma theluji barabarani kwa gari la kaunti, saa nane mchana, nikamkuta Marit mezani na mkasi. Nikamuuliza kachagua tukio gani. Akasema mwisho. Nikafurahi. Mwisho ndio penyewe: dhoruba inavuma, baba mtu kavunjika mguu, Petra anapanda ngazi zote za mnara, anawasha taa kwa pembe, meli inaokoka.

Marit akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Akasema kwenye kitabu hakuna meli. Mwishoni serikali inaleta taa inayojiwasha yenyewe, kwa hiyo baba hana kazi tena, wanahamia mjini, na Petra anaachiwa mtu wa posta. Boksi lake litakuwa na kigingi, na kamba, basi.

Kigingi na kamba! Nikamwambia kwa upole kwamba pengine kasoma harakaharaka.

"Baba, mimi nasoma polepole," akasema. "Kila kitu nasoma polepole. Ndiyo maana wameniweka meza ya pembeni."

Moyo uliniuma kwelikweli. Mtoto karuka sura nzima na hajui. Akienda na kigingi mbele ya Mwalimu Pruitt, meza kubwa ataisikia kwenye redio. Sasa si suala la D yangu tena. Ni kumwokoa mtoto.

Alhamisi, 6 Februari

Kazi imeanza, gereji. Nimetafuta boksi la buti zangu za theluji, saizi kumi na tatu. Nikilitazama, naona zamani zile nilianza na boksi dogo sana, labda lilichangia ile D.

Nilipokuwa nakata mnara nilikumbuka pale nilipokisomea kile kitabu. Kwenye kibanda cha Mzee Arvo, baba yangu, juu ya barafu ya ziwa, majira ya baridi kama haya. Yeye kainamia tundu anangoja samaki, mimi juu ya ndoo iliyopinduliwa, jiko la kuni dogo katikati. Nikisoma ukurasa, nikivuta kamasi, nikisoma mwingine. Sijawahi kuwa na raha kama ile. Sura ya mwisho hata sikuisoma kwa macho. Mzee alinisimulia kwa mdomo, maana mikono yangu ilikuwa kwenye glavu. Mzee si mtu wa maneno, lakini siku hiyo alisema mpaka samaki wakala chambo chote wakaondoka. Jiko liliwaka vizuri sana siku hiyo.

Mtu aliyesoma hivyo anaambiwa hakusoma. Nimekata mnara kwa hasira, umepinda kidogo.

Jumamosi, 8 Februari

Nimekutana na Mwalimu Ostrander dukani, kwenye viazi. Ana miaka themanini na sita na bado anasukuma kitoroli chake mwenyewe. Nikamsalimia. Akasema, "Lowell Tervo. Simama wima." Nikasimama wima.

Akaniambia Alhamisi jioni atakuwa shuleni. Wamemwalika akaangalie maboksi ya darasa la nne, maana yeye ndiye aliyeianzisha kazi hiyo. Nikamwambia ajiandae kuona kitu. Akasema katika miaka arobaini ameona sungura wa pamba mia mbili na hajapata mshtuko.

Nimerudi nyumbani nimejaa nguvu. Janelle akanusa jaketi langu akauliza mbona nanuka gundi. Nikasema nimetengeneza taa ya gari la theluji. Akasema taa za gari la kaunti tangu lini zinatengenezwa kwa gundi. Nikasema kaunti imeishiwa. Hilo kaliamini.

Jumanne, 11 Februari

Leo tabu tupu. Nilitaka Petra apande ngazi mwenyewe, kwa mota. Mota ya gari la kuchezea ilikuwa kali mno: mbuzi alipanda, akapita taa, akapita paa, akaenda kugonga dirisha la gereji. Pembe moja haijaonekana.

Nikafikiri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama chini ya sinki la bafuni, nikauchukua mswaki wa umeme wa Janelle. Mota yake ni ya taratibu kabisa. Sasa Petra hapandi, ila anatetemeka mwili mzima palepale kwenye ngazi. Nimeamua anatetemeka kwa baridi. Dhoruba ile.

Taa inawaka. Meli nimeitengeneza kwa kopo la dagaa. Mawimbi ni pamba. Nimekaa nikaitazama mpaka kahawa ikapoa. Laiti ningekuwa na mswaki wa umeme mwaka ule.

Wakati wa chakula Janelle aliuliza nani kaona mswaki wake. Marit alinitazama. Mimi nilitazama viazi.

Jumatano, 12 Februari

Nimeliona boksi la Marit likiwa tayari. Ukuta mweupe. Theluji ya chumvi. Kigingi kimoja cha njiti, na kamba imelala chini, ncha yake imefumuka. Hakuna mtu. Hakuna mbuzi. Kaandika na ripoti, kurasa mbili, kwa mwandiko wake ule unaopanda mlima. Sikuisoma, nilikuwa na haraka.

Nikamuuliza haoni boksi liko tupu. Akasema ndiyo, liko tupu, ndivyo ilivyo. Halafu akasema alipofika pale kwenye kitabu alilia, na hakujua kama kitabu kinaweza kumliza mtu bila kumpiga nacho.

Maskini mtoto wangu. Kesho nampeleka mimi kwa gari. Yeye atatangulia ndani na mama yake, mimi nitabeba boksi. Boksi gani, hilo ni langu mimi.

Alhamisi, 13 Februari

Nitaandika kama ilivyokuwa, sina cha kuficha.

Boksi la Marit nililiweka nyuma ya gari, kati ya magunia ya chumvi ya barabarani. Langu nikaliingiza darasani, nikabandika jina lake, nikabonyeza swichi. Petra akatetemeka. Taa ikawaka. Watu wakajaa. Baba mmoja aliuliza pembe nyingine iko wapi, nikamwambia ni dhoruba.

Marit alifika akasimama mbele ya meza. Rangi ilimtoka usoni. Janelle alikuwa nyuma yake, akamwangalia mbuzi, akasikiliza ule mlio, akasema taratibu sana, "Lowell, huo ni mswaki wangu."

Hapohapo akafika Mwalimu Pruitt na daftari lake, na Mwalimu Ostrander kamshika mkono. Pruitt akamwomba Marit aeleze tukio lake. Marit akamtazama Petra. Nikamnong'oneza, sema meli. Sema dhoruba. Niliona kidevu chake kinacheza, na ndipo niliposhikwa na hofu ya kweli. Nikafikiri, nimemharibia. Meza kubwa imeondoka, na mkono wangu ndio ulioisukuma.

Marit akavuta pumzi. Akasema, "Mwalimu, hili si langu. Ni la baba. Baba hajafika mwisho wa kitabu, lakini anajitahidi."

Darasa zima liliangua kicheko. Pruitt aliuma kalamu. Marit hakucheka. Akaniomba funguo za gari, akatoka, akarudi na boksi lake, chumvi ya barabarani imemwagika juu ya chumvi yake. Akalipangusa kwa kiganja. Akaeleza kigingi na kamba na mtu wa posta, polepole, neno moja baada ya jingine, na hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza, Mwalimu Ostrander alikuwa ametoa leso.

Kisha akanigeukia mimi. Akainama juu ya Petra akamtazama kwa muda. "Mbuzi yuleyule," akasema. "Mwaka ule nilidhani umemtoa kwenye katuni."

Nikamwambia nilikisoma kitabu kile, mara nne. Akauliza mpaka ukurasa wa mwisho? Nikasema mpaka mwisho kabisa, ile sura nilisimuliwa na Mzee kwa sababu ya glavu. Nilijisikia mwenyewe ninavyoyasema maneno hayo. Mwalimu Ostrander naye alinisikia.

Akasema, "Lowell, kurasa ni kumi na moja tu. Zisome, uje kwangu unisimulie, nami nitaifuta ile D kwa mkono wangu. Wino ninao."

Ijumaa, 14 Februari

Leo siku ya wapendanao. Nimemnunulia Janelle mswaki mpya wa umeme. Akasema asante bila kufungua meno.

Nimempigia Mzee Arvo. Nikamuuliza moja kwa moja: ile sura ya mwisho, kwenye kibanda, ilikwenda wapi? Nikasikia anakoroga kahawa.

"Kuni zilikuwa mbichi," akasema. "Kulikuwa na baridi ya kupasua miti. Wewe ulitaka mwisho, au ulitaka vidole?"

Nikamuuliza na mbuzi aliyewasha taa, je? Akasema alipochana zile kurasa za mwisho awashie kuni alizipitia kidogo kabla hazijaingia ndani ya jiko, akaona mbuzi anaachwa. Akanitazama nilivyokaa juu ya ndoo. Akaona haiwezekani. "Ikabidi nitafute kazi kwa yule mbuzi," akasema. Akakata simu, maana Mzee akishasema maneno mengi hivyo huona aibu.

Nimekaa jikoni muda mrefu. Sikujua kama nicheke au nilie, nikafanya vyote kidogokidogo. D ile nilistahili. Miaka thelathini na saba nimemnunia mwalimu wa watu kwa kosa la jiko.

Nimeahidi mbele ya Janelle, mbele ya Marit, na hapa kwenye karatasi: kazi za shule za mtoto sitazigusa tena. Basi. Imetosha.

Jumanne, 18 Februari

Marit kapata A. Amehamia meza kubwa, karibu na dirisha. Pruitt kaandika kwamba ripoti ndiyo iliyomgusa zaidi, hasa kwenye aya mbili za mwisho, alipoeleza kwamba kitabu hiki kina miisho miwili, wa mwandishi na wa babu yake, na kwamba wa mwandishi ni wa kweli zaidi lakini wa babu ndio unaopasha joto. Kumbe alikuwa ameshamuuliza Mzee tangu wiki iliyopita! Hakuna aliyeniambia.

Jioni kaniletea kile kitabu. Kakiongezea muda maktaba kwa ajili yangu. Kaweka kipande cha kamba pale sura ya mwisho inapoanzia, akasema kurasa kumi na moja, Baba, hata mimi zilinichukua siku mbili tu. Akaniachia mezani akaenda kulala. Nikaapa nitazisoma leoleo. Mwalimu Ostrander anangoja, na kwa umri wake mtu hamngojeshi.

Nilipokuwa nakunja mikono ya shati nisome, nikaona karatasi mpya kwenye begi lake. Soma maisha ya mtu mashuhuri. Kisha mtengeneze kwa chupa ya soda ya lita mbili.

Nilipata C kwa kazi hiyo, enzi zetu ikiwa ya darasa la tano. Kichwa kilianguka mbele ya watu.

Kosa langu nalijua: gundi haikupata uzito wa kuikandamiza ilipokuwa inakauka. Safari hii nimefanya taratibu. Chupa imesimama gereji, kichwa kiko juu yake, na juu ya kichwa nimeweka kitabu cha Petra. Uzito wake ni barabara kabisa. Kisiguswe mpaka Alhamisi.