Pua ya Mama Kwenye Gauni Jeupe

Leo nimeumbuka, jamani. Tena kwa kazi ya mikono yangu mwenyewe, niliyoifanya miaka ya sabini nikiwa kijana mwenye afro na kiburi.

Wakati huo nilikuwa na kibanda Malaba, pale malori yaliposubiri kuvuka mpaka kuingia Uganda. Nilichora kwa rangi za mafuta chochote ulichotaka, juu ya vipande vya maturubai ya malori. Simba kwa madereva. Ng'ombe kwa wenye bucha. Yesu kwa makanisa (mmoja alifanana na mwenye bucha, lakini waumini hawakulalamika). Hadi leo naitamani ile harufu ya rangi iliyochanganyika na vumbi na dizeli!

Baba yangu, mkulima wa Adungosi, hakuona cha kutamani. "Kuchora si kazi. Kuja tulime."

Siku moja akaja Nekesa wa Butula na kipicha kilichofifia cha marehemu mama yake. "Boss, naolewa. Nataka mama awe hapo, akiwa mkubwa, watu wamuone."

Nikaapa atakuwepo. Nikamwalika na baba aje harusini. Picha hii ndiyo ingemnyamazisha!

Basi mafuta maalumu ya kulainishia rangi yakaniishia. Jirani yangu, mama mchuuzi kutoka upande wa Uganda, alikuwa na mafuta safi ya simsim, yaani ufuta. Nikasema mafuta ni mafuta. (Wachoraji wenzangu, najua mmeshashika kichwa.) Picha ilimeremeta vibaya sana. Ilimeremeta hadi asubuhi ya harusi. Nikadhani ni uzuri, kumbe ni ubichi.

Nyumbani kwao, kabla ya kwenda kanisani, nikaifunua.

"Mama!" Nekesa akaikumbatia kabla sijafungua mdomo. Akaikumbatia sana. Alipoachia, kwenye turubai yalibaki macho na kitambaa cha kichwa. Pua na mdomo vilikuwa kifuani, kwenye gauni jeupe!

"Wewe, ni nini umepaka hapa?" shangazi yake akauliza.

"Mafuta ya simsim."

"Ya kukaanga?"

Kicheko kilichofuata! Hata katekista alishika ukuta. Nilitaka ardhi inimeze, na baba amesimama pale pale.

Nekesa akajifuta machozi. "Wacheni. Mama ataingia kanisa na mimi." Akaingia hivyo hivyo.

Njiani kurudi baba alisukuma baiskeli yake. Karibu na nyumbani akasema, "Lakini pua umeipata. Huyo mama nilimjua." Hakuniita tena shambani. Namkumbuka mzee yule, na moyo unaniuma.

Sasa leo. Nekesa, ambaye ni bibi siku hizi, ametualika chai Butula. Njia nzima nimewaringia wajukuu kwamba wataona kazi ya babu ukutani. Ukutani nimekuta kalenda. Nami, kwa sauti, mbele ya wageni: "Na picha yangu?"

"Ile turubai? Ilifunika banda ya kuku mpaka ikaisha, mzee." Kisha akafungua sanduku, akatoa gauni. Pua ipo! "Hii ndiyo tumeweka."

Mjukuu wangu akanitazama. "Kwa hivyo babu, picha yako nzuri ilichorwa na bibi harusi?"

Wageni wamecheka mpaka chai ikamwagika. Mimi machozi yamenitoka, nikasingizia moshi.

Tafadhali msinicheke. Nimeigusa ile pua, na bado inanata.