Siki Yenu Imenikatia Safari

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Afya,

Salamu nimeziweka mwishoni, maana kwanza nina ugomvi nanyi.

Mliandika kwamba kijiko cha siki kwenye maji, pamoja na chakula, huenda kikazuia sukari isipande sana mwilini. Mimi ni mgonjwa wa sukari. Shule sikufika mbali, lakini hesabu naijua. Sasa nisikilizeni.

1. Kama kijiko kimoja kinatosha sahani ya wali, basi vijiko vinne vinatosha keki. Hamkuandika hivyo, lakini mtu mwenye akili zake anajazia mwenyewe. Nikanywa vinne, tena bila maji. Koo likawaka, machozi yakanitoka, mkwe wangu akadhani nimefiwa.

2. Kisha nikala keki ya mjukuu wangu, vipande viwili, kwa kuwa nilishavilipia kwa koo langu. Nikajipima kwa ile mashine ya kutoboa kidole. Mwanangu alipoisoma namba, alikaa chini.

3. Huyo huyo niliyemfuta kamasi akanitangazia kwamba kwa mama mkubwa siendi mpaka sukari itulie. Mama mkubwa ndiye dada yangu. Macho yake yanafifia, na anataka kuniona kabla hayajazima kabisa. Nimwambieje? Kwamba nimezuiwa na siki?

4. Kwa hiyo wakosaji ni ninyi. Mwandikieni mwanangu barua yenye mhuri, mseme mama hana kosa, gazeti ndilo lenye kosa. Chapeni na jedwali: soda vijiko vingapi, biskuti vingapi, keki ya krimu vingapi. Na aliyeandika habari ile aje anywe vinne mbele yangu, nimtazame usoni.

Nisalimieni wapiga chapa, mlinzi wa getini, na mchora katuni, maana humo ndani msema kweli ni yeye peke yake.

Ni mimi niliyeonewa,
Bibi wa Geti la Kijani

Nyongeza: Muuguzi kapita sasa hivi, kaniuliza kama nilinawa kabla ya kujitoboa. Ninawe vipi, na kidole bado nilikuwa nakilamba krimu? Kumbe mashine ilipima keki, haikunipima mimi! Nimenawa, kanipima upya: iko juu, ila si ya kumkalisha mtu chini. Safari ipo. Barua ya mwanangu acheni. Muuguzi kaongeza kwamba siki husaidia kidogo tu, dawa nimeze vilevile, na keki haigeuki mboga. Hilo msilichape. Mwanangu husoma gazeti lenu, na dada yangu ameshaagiza keki.