Mwaka wa Simu ya Bashiru

Ijumaa, 21 Julai 1905

Naandika tarehe ya Kidachi, ya hawa Wajerumani, makusudi. Mke wangu Mwanaharusi bado anahesabu kwa mfunguo, miezi ya Kiislamu, na hapa kijijini miaka haina hata namba. Ina majina tu: mwaka wa nzige, mwaka wa ndui, mwaka wa kodi. Mtu akiulizwa umri anataja balaa lililomkuta mama yake akiwa na mimba.

Leo baada ya sala tumebishana kwenye baraza ya msikiti. Ni mwaka gani dunia mpya ilifika kwetu? Jumbe Kondo akasema ni mwaka wa kodi, maana ndio uliompa yeye ujumbe. Watu wakatazama chini. Kisha Abbasi, fundi nguo, akakohoa. Nilijua! Akasema dunia mpya iliingia siku aliposhusha cherehani yake kutoka Bungu, miaka minne iliyopita. Wote wakaitikia. Hata watoto waliozaliwa wakati ule husemwa ni wa mwaka wa cherehani. Mwaka mzima wa Mwenyezi Mungu umepewa mguu wa fundi nguo!

Nikasema hapana, mwaka wenyewe ni huu tulio nao. Abbasi akaniuliza kwa upole nina nini cha kuonyesha. Upole wake unaniudhi kuliko matusi ya mtu mwingine. Nikamwambia asubiri, ataona.

Sina kitu. Na Mwanaharusi yuko karibu kujifungua. Mwanangu mimi ahesabiwe kwa cherehani ya Abbasi? Haiwezekani.

Jumapili, 23 Julai

Nimepata! Shaabani, mkata mikoko kutoka visiwani, amepanda mto na mtumbwi wake, na chini ya boriti amefunika waya. Waya wa simu! Ile ya serikali inayopita juu ya nguzo na kufikisha maneno Dar es Salaam kabla mtu hajamaliza uji wake. Anasema ulianguka. Nimempa jogoo mweupe na mkungu wa ndizi. Sikumuuliza ulianguka vipi. Mtu wa kisasa haulizi mambo madogo.

Mpango wenyewe ni huu. Mama mkwe wangu, Bi Zamda, anashinda dunguni, kile kibanda chetu cha juu ya miti katikati ya mahindi ya mlao, yapandwayo mafuriko yakipungua, nyuma ya nyumba. Anaamia ndege na nyani. Ana kamba ya makumbi yenye madebe: akivuta, madebe yanalia, nyani wanakimbia. Nitatoa kamba, nitie waya, niulete mpaka barazani kwangu, na debe langu mwishoni. Vuta moja: njaa, leteni chakula. Vuta mbili: nguruwe. Vuta tatu: mgeni yuko njiani.

Na hapa ndipo akili ilipo. Mimi na mama mkwe hatutazamani usoni, wala hatuzungumzi ila kwa kupitia mtu. Ndiyo heshima. Tangu nioe, salamu zangu zinamfikia zimezunguka kwa mke wangu. Sasa tutasemezana wenyewe, na heshima iko palepale! Wadachi na elimu yao yote hawajaliwaza hilo.

Jumatano, 26 Julai

Siku kubwa. Nimewaita watu waone. Abbasi akaja na futi yake shingoni, kana kwamba ana kazi nyingi. Tukangoja. Nikaanza kutokwa jasho. Mara debe likalia mara tatu. Mgeni! Na kweli, akatokea mtu kutoka kijiji cha Mkongo anatafuta mbuzi wake. Wanawake wakapiga vigelegele. Mwanaharusi alicheka mpaka akashika tumbo.

Lilipolia mara ya pili debe likakatika, likamwangukia Jumbe Kondo kichwani. Jambo dogo. Jumbe amesema hajaumia sana.

Jioni nimemsikia mwanamke kisimani akisema, huu sasa ni mwaka wa simu ya Bashiru. Kwa masikio yangu! Abbasi aliniuliza pembeni waya nimeutoa wapi. Wivu huo.

Jumanne, 1 Agosti

Mambo yameharibika. Habari zimevuka mto: huko Umatumbi watu wameng'oa pamba ya serikali. Vita. Na waya wa simu umekatwa njia nzima. Askari wametoka bomani, wanapekua nyumba kwa nyumba, na mtu yeyote atakayekutwa na kipande cha waya atanyongwa kwa waya huohuo, na nyumba yake itachomwa na waliomo. Jumbe Kondo alitangaza mwenyewe, anapangusa uso. Hakunitazama. Hakuna aliyenitazama, na hilo ndilo lililonitisha.

Nikatoka nje. Waya wangu unang'aa kutoka barazani mpaka dunguni. Nilikuwa nimeupiga mchanga juzi ili ung'ae zaidi.

Abbasi akapita, akainua macho, akaufuata waya wote mpaka mwisho. Kisha akanisalimia vizuri sana na kwenda zake. Atanisema. Mimi ningekuwa yeye ningesema.

Alhamisi, 3 Agosti

Nimejaribu kuuondoa. Mama mkwe ameukatalia! Nilipoufungua upande wangu, akauvuta wote kwake, kisha akatuma neno kwa Mwanaharusi kwamba tangu azaliwe hajapata kuita uji ukaja, na sasa mkwe wake anataka kumrudisha gizani. Hataki kusikia. Kumwambia mwenyewe siwezi. Ilibidi nimpelekee maneno kwa Mwanaharusi, ambaye kwenda dunguni na tumbo lile ni safari. Mwisho amekubali waya utoke, kwa sharti nimsokotee kamba ya makumbi ya kufika mpaka nyumbani. Nimesokota mchana kutwa. Viganja vimechubuka.

Kamba haijaisha, akaingia shemeji yangu Swalehe, mtoto wa mwisho wa Bi Zamda. Ametoka Ngarambe kwa mganga. Ana bua la mtama kichwani na maji ya dawa kwenye mwanzi, na wenzake wawili wenye magobori. Wanataka waya. Wataukatakata uwe risasi.

"Shemeji," akaniambia, "risasi za Mdachi zitageuka maji. Zetu hazigeuki."

Nikiwapa, mimi ni mtu wa vita. Nikiwanyima, mimi ni mtu wa Mdachi. Wote wawili wanakufa, tofauti ni nani anawaua. Nikasema waya si wangu, ni wa Bi Zamda, wakamwombe yeye. Swalehe akatazama dunguni, akajikuna. Haogopi bunduki ya Mdachi, lakini mama yake anamwogopa. Akasema watapita tena Jumatatu. Akapanda kumsalimia, akakaa naye kitambo, akashuka amebeba mahindi ya kuchoma. Ni kijana mzuri. Afadhali angebaki.

Jumamosi, 5 Agosti

Nina akili mimi, nasema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kusema. Kamba ya Bi Zamda nimeifunga jana, na waya lazima uondoke kwangu. Kuuzika siwezi, ardhi mbichi inaonekana. Mtoni kumejaa watu wanaovuka na mizigo yao. Basi nyumba gani hapa haitatiliwa shaka? Ya mtu mpole. Ya fundi.

Adhuhuri, wanaume wote wakiwa msikitini, nimeuzungusha waya kiunoni ndani ya kanzu, nikazunguka nyuma kwa Abbasi, nikauchomeka kwenye makuti ya paa lake, ndani kabisa. Usipoonekana, vizuri. Ukionekana, basi ajieleze yeye na cherehani yake. Nikarudi nikala ubwabwa. Mara ya kwanza tangu Jumanne nimemaliza sahani.

Alasiri. Uchungu umemshika Mwanaharusi. Mkunga wetu ni Zena, mke wa Abbasi. Akaja, akatazama nyumba yetu ya barabarani, akasema na askari hawa wanaopita yeye hazalishi hapa. Amemchukua kwake.

Kwake! Mke wangu amelala chini ya waya!

Nilikwenda mbio kuutoa. Mwanamume haingii nyumba yenye mwenye uchungu, hilo najua, nilitaka paa tu kwa nje. Abbasi ameweka kiti chake palepale, chini ya makuti yaleyale. Anashona kwa mkono, maana cherehani ingemsumbua mgonjwa. Anashona kishati kidogo. Nikamwambia apumzike. Akasema hajachoka. Nikamwambia Jumbe anamwita. Akasema Jumbe ametoka hapo sasa hivi. Nimekaa naye mpaka magharibi tukitazamana. Hakuinuka.

Jumapili, 6 Agosti

Siwezi kukaa. Naandika nimelala kifudifudi.

Askari wamekuja asubuhi. Walitukalisha wanaume juani mstari mmoja. Shaushi, mkubwa wao, mtu mrefu wa makovu, alikwenda nyumba kwa nyumba anadunga mapaa kwa singe, kile kisu cha mdomoni mwa bunduki. Kwangu walipekua mpaka ndani ya mitungi. Hawakuona kitu. Ningefurahi, lakini nilikuwa nahesabu nyumba zilizobaki kabla ya ile ya Abbasi.

Walipofika, Zena akasimama mlangoni akajitanda. Akasema ndani kuna mwenye uchungu, atakayeingia amkanyage yeye kwanza. Mwanaharusi akalia kwa ndani, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Shaushi akarudi nyuma, akasema astaghfirullah. Nikashusha pumzi. Kisha akazunguka nyumba. Nyuma. Akainua singe kwenye makuti.

Wakiuona wanaichoma nyumba na waliomo. Jumbe alishatuambia. Abbasi alikuwa pembeni yangu na tasbihi yake, hajui lolote. Nikafungua mdomo kusema waya ni wangu. Naapa nilifungua. Kikatoka kikohozi.

Hapo debe likalia barazani kwangu. Mara moja tu, lakini kwa nguvu zote.

Askari wakajitupa chini wote. Kisha wakainuka wakakimbilia kwangu na bunduki wakidhani ni ishara ya vita, Shaushi mbele. Wakaifuata kamba mpaka shambani, wakazunguka dungu, wakaamuru aliye juu ashuke. Akachungulia Bi Zamda akawauliza uji wake uko wapi, jua limeshapanda.

Shaushi alirudi vumbi tupu, hatazami watu usoni. Akauliza nani mwenye kamba ile. Jumbe Kondo akanyoosha kidole haraka mno kwa mtu niliyemheshimu. Nikapewa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, mbele ya kijiji kizima. Baada ya chache niliacha kuhesabu, maana nilisikia mtoto analia kwa Zena. Nikawa nacheka na kulia pamoja, na aliyekuwa akinichapa akadhani namdharau.

Wameondoka kuelekea Utete. Paa la Abbasi wamelisahau. Ni binti. Wote wazima.

Ijumaa, 11 Agosti

Swalehe na wenzake walipita siku ile ya Jumatatu. Nikawaambia askari wamepekua kila kitu, waya haupo. Akaona mgongo wangu, akaamini. Alimbeba mtoto, akampaka tone la maji yake ya dawa kwenye paji la uso, akaenda zake kusini. Mama yake alimpungia mkono kutoka juu.

Leo Abbasi amekuja na kile kishati. Kimeshonwa vizuri, siwezi kusema uongo. Akakaa. Akaniambia siku ile ya askari, walipokwisha kwenda, alikuta nyoka mrefu kwenye makuti yake. Yeye na Zena wamembeba ndani ya kapu la nguo wakamzamisha mtoni, penye kina.

"Bashiru, ndugu yangu," akasema, "usinifugie nyoka tena."

Nikamwambia mambo ya nyoka siyajui. Akaniombea nipone haraka, akaondoka na upole wake.

Mtu gani huyu! Waya wangu! Jogoo mweupe na mkungu mzima wa ndizi, ametosa mtoni bila hata kuniuliza. Mtoto amevaa kishati. Kinamkaa sana, na hilo nalo linaniuma.

Jumapili, 20 Agosti

Watu wawili wa kusini wamevuka jana, wamejeruhiwa. Wanasema risasi hazikugeuka maji. Nikawauliza habari za Swalehe. Mmoja akatikisa kichwa, sijui kwa kutojua au kwa kujua. Mwanaharusi akanikataza nisiulize tena. Bi Zamda hajaambiwa neno.

Tangu jana anavuta kamba. Mara tatu. Mgeni yuko njiani. Mwanaharusi anatoka mbio na mtoto kifuani kutazama njia, haoni mtu. Alasiri debe likalia tena mara tatu, akatoka tena. Mara ya mwisho hakutoka. Alikaa kizingitini akalia. Hakuna anayetaka kupanda kumwambia mama aache. Mimi ndiyo kabisa, ni mkwe. Nimewaza nimjibu kwa kamba, lakini tulipanga ishara ya mgeni anayekuja tu. Ya asiyekuja hatukupanga.

Barazani wamebishana tena. Jumbe Kondo anasema mwaka huu utaitwa mwaka wa maji. Maji! Maji yapo tangu Nabii Nuhu, kuna jipya gani hapo? Mwaka utasahauliwa kabla ya kuvuna. Wengine wakasema wao wanauita mwaka wa viboko vya Bashiru, na binti yangu wameshaanza kumhesabia hivyo. Nikakasirika. Baadaye nikafikiri: jina langu limo, la Abbasi halimo. Si haba.

Lakini mwaka wenyewe, wa dunia mpya hasa, nimeshauona. Ni 1906, mwaka ujao. Shaabani amerudi leo na mtumbwi wake, na chini ya boriti amefunika kikombe cheupe cha kaure, kikubwa, kizito, kile kinachokaa kichwani mwa nguzo ya simu. Nitakisimamisha juu ya paa langu, upande wa barabara, kila apitaye akione. Nimempa jogoo wa mwisho. Sikumuuliza amekitoa wapi.