Mimi, Mtani Wangu na Fomu ya Chuo Kikuu

Jumatatu, 3 Juni 1996
Wiki ya pili uraiani. Nchi nzima inaimba biashara huria. Mimi Mhina niliuza baiskeli moja kwa wateja wawili, nikala miezi kumi na sita. Wivu tu! Leo nimekutana na Parsaoti, Mmasai wa Handeni niliyefungwa naye. Ana fomu ya mtihani wa watu wazima wa kuingia chuo kikuu, kile cha kusoma kwa posta. Parsaoti! Aliingia jela hajui hata herufi moja. Herufi A nilimfundisha mimi. Zilizobaki kajitafutia. Nami nimechukua fomu. Nimemwambia mama ajizoeze kuitwa mama msomi. Kalia kwa furaha, kanichinjia kuku wake wa mwisho. Sasa kurudi nyuma hakuna.

Jumanne, 4 Juni
Fomu inauliza mwaka jana ulikuwa wapi. Parsaoti kaandika GEREZANI, kwa herufi kubwa, kama anataja Ulaya. Mshamba! Mimi: "Kilimo, serikalini." Uongo uko wapi? Mahindi ya gereza nani kalima? Shida ni barua ya mdhamini. Nikaenda kwa Mwalimu Athuman, Mnyamwezi aliyeletwa huku Korogwe na mkonge, mtani wetu Wazigua. Nikamwamkia shikamoo. Akauliza nimekuja kuiba nini. Akasema Mzigua akiingia chuo kikuu, milango ing'olewe mapema ihifadhiwe. Ila ataandika.

Alhamisi, 6 Juni
Mwalimu kanipa bahasha iliyogundishwa. Nisifungue, nimpelekee Mama Efrazia, mratibu wa chuo, anayepokea fomu kesho. Nimeifungua kwa mvuke wa birika. Lahaula! "Huyu ni Mzigua. Akikupa mkono, hesabu vidole vyako." Na saini juu yake! Utani gani huu, mpaka kwenye mambo ya serikali? Nimeichana. Nimeandika yangu, saini nimeiga: Mhina ni mnyofu, jela haijui hata kwa nje, na Kiingereza chake kimewahi kumliza Mzungu.

Ijumaa, 7 Juni
Mama Efrazia kasoma barua yangu. Kisha katoa nyingine kwenye faili. Mwalimu alimpelekea ile ya kweli mwenyewe, jana! Inasema nilifungwa, adhabu nimemaliza, akili ninayo, nipewe nafasi. Nilitamani sakafu inimeze. Mama Efrazia kasema chuo hakimkatai aliyefungwa, kinamkataa anayeghushi. Nirudi mwakani, na ukweli wangu. Parsaoti kapata namba ya mtihani.
Mwalimu nilimkuta nje. Hakucheka. Kasema alijua nitafungua, mimi mtani wake. Alidhani nitacheka tu, niipeleke hivyo hivyo. Bora angenitukana.

Jumamosi, 8 Juni
Mama kauliza masomo yanaanza lini. Nimemwambia nimezidi kiwango, wanatafuta kiti cha kunitosha. Parsaoti kaja na vitabu, anataka tusome pamoja kila jioni hadi mwakani. Nimemkubalia, asiumie roho.
Ila mwakani ni mbali! Jumatano Mama Efrazia anapokea fomu Handeni, na mjomba Shida wa Kwedizinga hajafungwa hata siku moja. Najaza kwa jina lake, navaa kofia na miwani, nani atanijua? Mjomba kusoma hajui, lakini fomu nimeikagua juu mpaka chini: hilo hawaulizi.