Nilivyotaka Kuistaarabisha Ufini

Mwezi wa kwanza mwaka huu niliamua kuistaarabisha nchi ya Ufini.

Sikutumwa na mtu. Serikali yao haikuniomba, ya kwetu haikuwa na habari. Ni mimi tu, Clavery wa Ijumbi, Muleba, nshomile, msomi wa Kihaya mwenye shahada mbili na nusu, niliyeitazama nchi nzima yenye theluji, sauna na treni zisizochelewa, nikaionea huruma.

Lawama ziende kwenye likizo. Tulikuwa tumekwenda nyumbani kula Krismasi, mimi, mke wangu Edvina na watoto wetu, Nancy na Derick, baada ya kuahirisha mwaka hadi mwaka. Kumbe mtu aliyekaa Ulaya muda mrefu akirudi kijijini huumuka! Mimi niliumuka kama andazi.

Kule Tampere tunakoishi, naandika programu za kuendeshea lifti. Kazi yangu yote ni kuhakikisha mlango unafunguka. Lakini nilipotia mguu Ijumbi nikawa "Injinia". Kesho yake nikawa "Daktari". Sikumsahihisha mtu. Ningeanzaje kuwakatisha wazee maneno?

Halafu wageni! Nyumbani kwa mama yangu, Ma Theopista, watu walianza kuingia kabla sijafunga kamba za viatu. Anaingia Ta Kahangwa, baba yangu mdogo, anakaa. Hasemi amefuata nini kwa sababu hakufuata kitu. Anapewa kahawa ya kutafuna, anatafuna, anauliza kama ndani ya ndege mtu anaruhusiwa kusimama. Akiondoka huyu, anaingia yule. Tulipokwenda Bukoba mjini kuwasalimu wakwe zangu wa Kitendaguro, mambo yakawa yale yale. Na kwa Mustapha, rafiki yangu tuliyesoma naye, kule Hamugembe, jirani anakatiza kwenye migomba, anachungulia dirishani, anaita kwa heshima za Kihaya, "Waitu, mpo?" Hujajibu, tayari yuko kwenye kochi ameshika kikombe cha chai.

Nikapenda. Nikapenda kupita kiasi. Siku ya kuaga nikasimama mbele ya ukoo nitoe hotuba. Edvina akanivuta shati nikae. Nikazidi kusimama.

"Ndugu zangu," nikasema kwa sauti ya mtu anayetawazwa, "kule tunakoishi watu wamepotea! Mtu anazeeka hajui jina la jirani yake! Mimi nawaahidi, mlango wangu wa Ulaya utakuwa kama mlango huu wa Ijumbi. Nitawafundisha wale watu kuishi!"

Vigelegele! Ma Theopista akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Ta Kahangwa akasema hajawahi kuona Daktari mwenye utu kama mimi.

Tukarudi Tampere, saa tisa mchana na giza limeshaanza kuingia. Masanduku yakakaa koridoni, hakuna mwenye nguvu ya kuyafungua. Derick akawa anamwamkia shikamoo kila mtu, hadi dereva wa basi. Nancy akajifunika blanketi akisema anataka kurudi kwa bibi. Edvina akarudi hospitalini kwenye zamu zake, na mimi nikarudi kwenye lifti zangu nikiwa na mzigo wa taifa zima mabegani.

Nikaanzia kwenye lifti ya jengo letu. Asubuhi moja niliingia na Nancy nikamkuta mama mmoja na mbwa wake, na bwana mmoja mwenye kofia. Nikawaamkia kwa Kifini changu kilichonyooka. Nikawauliza wamelalaje, watoto hawajambo, baridi wanaionaje. Yule mama akamtazama mbwa wake kama anayemwomba ajibu kwa niaba yake. Yule bwana akashuka ghorofa iliyofuata, na ninajua anafanya kazi mtaa wa pili!

"Baba, unawatisha watu," Nancy akaniambia.

"Siwatishi. Nawaamsha!"

Jumamosi nikaivalisha familia vizuri, twende kumtembelea jirani wa mlango wa mbele yetu. Tulikuwa tumekaa naye uso kwa uso tangu Derick anatambaa, na nilichokifahamu kwake ni kikohozi tu.

"Umempigia simu kwanza?" Edvina akauliza.

"Simu ya nini? Ta Kahangwa aliwahi kunipigia?"

"Baba Nancy, huyu si Ta Kahangwa."

"Ni Ta Kahangwa! Amekosea tu pa kuzaliwa."

Nikabisha hodi. Kile kitundu cha kuchungulia kikaingia giza, mtu ametuona. Nikabisha tena. Mlango ukafunguka kidogo, mnyororo ukiwa bado umefungwa, likatokea jicho moja la kibuluu.

"Kuna moto?" mzee akauliza.

"Hakuna moto."

"Maji yanavuja?"

"Hapana, mzee. Hayavuji."

"Sasa kuna nini?"

"Tumekuja kukusalimu!"

Lile jicho likafikiri. "Kwa nini?"

Hapo ndipo shahada zangu mbili na nusu ziliponikimbia. Mtu anasalimiwa kwa nini? Nilisoma miaka yote ile na swali hili halikuwahi kuja kwenye mtihani.

Edvina akanisogeza kwa kiwiko. "Tumekuletea keki," akasema, akainyanyua mzee aione.

Mnyororo ukafunguliwa.

Jina lake lilikuwa Eino. Alitupikia kahawa nyeusi kama usiku wa Muleba, akatukatia keki yetu wenyewe, akanyamaza. Wafini wanajua kunyamaza! Mimi ndiye niliyejaza chumba kwa maneno. Nikamweleza kwamba kwetu mtu haalikwi, anakuja. Kwamba mlango wangu haubishwi hodi, unasukumwa.

"Njoo wakati wowote!" nikamalizia, mikono nimeitanua kama padri.

"Wakati wowote?" Mzee Eino akauliza polepole.

"Wowote!"

Nilisahau kwamba Wafini hawana maneno ya kupambia mazungumzo. Ukimwambia Mfini "wakati wowote", anakuamini.

Kesho yake tukiwa mezani na uji, mlango ukasukumwa.

Nilifurahi hadi nikamwagikiwa na uji. Nikampigia simu ya video Ma Theopista papo hapo, nikamwonyesha mgeni. Mama akamsalimu kwa Kihaya, Mzee Eino akajibu kwa Kifini, wakaongea kitambo kirefu, na nakuambia walielewana kuliko mimi ninavyoelewana na bosi wangu. Mzee alijifunza kusema "waitu", ila kinywani mwake ilitoka "vaitu". Jumapili hiyo hiyo Ta Kahangwa akatangaza kigangoni baada ya misa kwamba Daktari Clavery ameshaanza kuwafundisha.

Mwanafunzi wangu alikuwa na bidii ajabu. Alikuja asubuhi. Alikuja nikitoka kazini, wakati mwingine akanikuta mlangoni tukaingia pamoja. Alikuja kwenye mpira, akakaa kwenye kiti changu, kile chenye mgongo mzuri, nami nikahamia kwenye stuli. Alijua vijiko vinakaa wapi. Mimi nilikuwa sijajua.

Tena hakuja mikono mitupu. Alitutengenezea bomba la jikoni. Alimfundisha Derick kuteleza kwa skii na Nancy kuoka mikate ya mdalasini. Edvina akampenda kama baba yake. Siku moja Edvina aliniambia kwamba tangu mke wa mzee afariki, hakuwa amekula meza moja na mtu.

Ningefanya nini baada ya kusikia hivyo? Nilimwongezea supu. Lakini mwezi wa pili ulipoingia nikaanza kutamani kitu kimoja tu: kukaa na nguo ya ndani sebuleni kwangu mwenyewe bila mtu mzima wa Kifini kunitazama kimya!

Nikaanza kuchungulia kwenye kitundu kabla ya kutoka. Mimi! Nikaanza kupanda ngazi kwa vidole vya miguu. Nikiwa ndani naongea kwa kunong'ona kama mwizi, tena kwenye nyumba ninayoilipia kodi.

"Mwambie awe anapiga simu kwanza," nikamwomba Edvina.

"Mwambie wewe. Mmisionari ni wewe."

Nikaona nipate ruhusa kutoka makao makuu. Nikampigia Ma Theopista.

"Mae, huyu mzee anakuja kila siku."

"Mungu asifiwe!"

"Hata wakati wa chakula, Mae."

"Sasa ulitaka aje wakati gani?"

Nikakata simu nikiwa mdogo kuliko nilivyoanza.

Mambo yakaharibika Jumamosi moja. Yasmin, mdogo wake Mustapha anayesoma Helsinki, alikuwa amerudi kutoka Bukoba akatupitishia kopo la senene, wale panzi watamu wa kwetu. Si kopo kubwa, waitu. Lilikuwa kopo dogo, la majani ya chai! Edvina alikuwa amewapeleka watoto kuogelea. Nyumba kimya. Nikawapasha moto wale senene kwenye kikaango, harufu ikanibeba hadi Ijumbi, taa za karabai zinawaka, watu wanawadaka. Nikawamimina kwenye sahani. Nikakaa kwenye kiti changu chenye mgongo mzuri. Nikanyanyua wa kwanza.

"Vaitu! Mpo?"

Sijui miguu ilipata amri kutoka wapi. Ninachojua ni kwamba mlango wa nje uliposukumwa, mimi nilikuwa bafuni, gizani, nimesimama nyuma ya pazia la kuogea na sahani yangu kifuani!

Nikasema moyoni, atakuta hakuna mtu, ataondoka. Lakini nilishamfundisha kwamba mgeni akikuta hakuna mtu anasubiri. Nikasikia kiti changu kinalia. Nikasikia televisheni inawashwa: mashindano ya skii, yale ya mwendo mrefu, ambayo wanaondoka alfajiri na kurudi wakiwa na ndevu.

Nikaamua kula. Ningefanya nini kingine? Nikamtia senene mdomoni, nikauma. Krakacha! Ndani ya bafu lenye vigae senene mmoja analia kama mtu anayekanyaga majani makavu. Nikaacha kuuma. Nikawa nawafyonza mmoja mmoja kama pipi, Daktari mzima wa Ijumbi, soksi zikinyonya maji yaliyotuama sakafuni.

Mara simu yangu ikalia. Nilikuwa nimeiacha sebuleni. Mzee Eino, kwa kuwa ni mtu wa nyumbani, akapokea.

"Clavery yuko wapi?" Ilikuwa sauti ya mama kwenye simu ya video. Nyuma yake nikasikia kikohozi cha Ta Kahangwa na mazungumzo ya watu wengi. Walikuwa wamekusanyika kutusalimu.

Mzee akasema hajui. Alisema kwa Kifini, mama akaelewa. Kabla sijapanga uongo wowote, mlango wa nje ukafunguka tena, Edvina na watoto wakaingia na mabegi yao ya kuogelea.

"Baba yuko wapi?" Derick akauliza. "Viatu vyake vipo. Na koti lipo."

"Baba Nancy!" Edvina akaita.

Nilitaka kuitika. Lakini mtu aliyejificha akikaa muda mrefu mafichoni, hapati tena sababu ya kutoka. Utasema ulikuwa unafanya nini?

Nikasikia hatua za haraka. Kitasa kikazungushwa taratibu, kwa woga.

"Clavery?" Mzee Eino akaita. "Clavery, umeanguka? Jibu!"

Sauti ilitetemeka. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye aliwahi kuita mlangoni namna ile asijibiwe. Tangu mwaka uanze sikuwa nimejiona mjinga kama dakika ile. Na senene walikuwa wamenijaa mdomoni, hata kusema "nipo" sikuweza!

Taa ikawaka. Pazia likavutwa.

Mzee Eino alisimama mbele yangu, uso umempauka, simu mkononi bado iko hewani, imenielekea. Nyuma yake Edvina, nyuma ya Edvina watoto. Ndani ya simu Ma Theopista, Ta Kahangwa, na vichwa vya ukoo vimebanana kama ndizi kwenye mkungu. Na mimi, nguo kavu, soksi mbichi, sahani kifuani, bawa la senene limening'inia mdomoni.

Ndugu zangu wa Ijumbi nao wakanyamaza, Kifini kabisa!

Mzee alinitazama. Akaitazama sahani. Rangi ikamrudia usoni kidogo kidogo, akavuta pumzi ndefu.

"Vaitu," akasema. "Unakula?"

Nikameza. Mtu akikukuta unakula kuna neno moja tu la kusema. Nililinyonya na maziwa ya mama, na mama mwenyewe alikuwa ananitazama.

"Karibu," nikasema.

Akachukua senene mmoja, akamgeuzageuza, akatafuna. Macho yakamng'aa. Akafunika choo kwa kifuniko chake, akakaa juu yake kwa heshima zote, akanyoosha mkono aongezewe. Nikamwongezea.

Ndipo Ma Theopista akasogeza uso karibu na simu.

"Clavery," akaniita taratibu, ukoo mzima ukisikia. "Sasa mgeni ndiyo unamkaribishia chooni?"