Mlango Aliopewa Binti Yangu Aulinde

Mheshimiwa Mlezi wa Wanafunzi,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni fundi cherehani, baba wa binti anayesoma sheria mwaka wa pili chuoni kwenu. Ningepiga simu, lakini mafua yameninyang'anya sauti, kwa hiyo nivumilie. Naomba kiwanja cha michezo kifungwe, na binti yangu aondolewe kwenye timu ya mpira kabla ya fainali ya Jumamosi. Sababu zangu ni hizi:

1. Mmeharibu neno. Kila nilipompigia simu jioni, binti alinijibu yuko mazoezini. Mimi, baba wa watu, nikajua ni mazoezi ya sheria, ya maswali na majibu. Nikajigamba kwa wateja kwamba mwanangu hapumziki. Kumbe anarukaruka! Huku ni kumdanganya mzazi mchana kweupe.

2. Likizo iliyopita alitutangazia kwamba sasa yeye ndiye mlinda mlango. Nikamuuliza ni mlango upi, wa maktaba au wa ofisi ya mkuu wa chuo. Akacheka tu, nikadhani ni siri ya kazi. Nikamshonea sare nzito ya bluu, yenye kitanzi cha kuning'inizia funguo. Mheshimiwa, mlango wenyewe nimeuona. Hauna kitasa, hauna bawaba, na nyuma yake hakuna chumba, kuna wavu. Kitu gani kinaibwa hapo?

3. Watu wanampiga mwanangu mpira kwa makusudi. Nilishuhudia mwenyewe Jumamosi iliyopita, nilipokuja kumtoa uwanjani kwa mkono. Nyumbani mtoto huyu hajawahi kurushiwa hata kandambili. Alijitupa chini, roho ikanipaa, akainuka magoti yanavuja damu, na wenzake wakampigia makofi.

4. Kibaya zaidi, ana furaha. Mwaka wa kwanza alikuwa akija nyumbani mnyonge, sahani anaisukuma, anaulizwa jambo anaitikia kwa kichwa. Mama yake alikuwa akilia jikoni, na mimi nilikuwa naogopa, nasema kweli. Sasa anakula, anatutania, na hata matokeo ya mitihani yamepanda. Mwanafunzi anayecheka hivyo atasoma saa ngapi?

5. Mkishafunga kiwanja, malizieni na bwawa la kuogelea, meza za tenisi na chumba cha drafti. Wale wanaokimbia asubuhi waruhusiwe tu kama wamechelewa darasani.

Nangoja uamuzi wako kwa unyenyekevu. Nisalimie makarani wako, wapishi wa bwalo, na hasa askari wa getini, ambaye analinda mlango wa kweli.

Wako mtiifu,
Fundi Cherehani, mzazi

Nyongeza: Nimesoma tena barua hii. Tafadhali, binti asiondolewe. Wa kuondolewa ni yule beki wa kushoto, kila kona anamwacha mwanangu peke yake. Ile sare nimeifumua nikashona jezi ya kipa, viwikoni nimetia sponji. Kitanzi cha funguo nimekiacha, maana mlango ni mlango. Jumamosi sifungui duka, niwekeeni nafasi karibu na wavu. Na yale si mafua, Mheshimiwa. Alipoudaka ule mpira wa mwisho nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, jukwaa zima likageuka kunitazama, nikabaki nawaonyesha kwa kidole kwamba yule wa mlangoni ni wangu.