Mkoba Mmoja kwa Kila Msafiri

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Safari, ambaye ni mimi; Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye hakuweza kufika kwa kuwa naye ni mimi; waheshimiwa wakuu wa vitengo mliokaa kwenye viti vyenye vitambaa; waheshimiwa wasaidizi wao mliokaa kwenye viti visivyo na vitambaa; wawakilishi wa wafadhili wetu, ambao hawapo lakini mpiga picha wao yupo; ndugu dereva wa basi lililoegeshwa hapo nje; wasoma mita, mafundi bomba, kina mama wa masjala, wafagizi, na wengine wote ambao hamkutajwa lakini itifaki imewazingatia: nawaletea salamu za Idara ya Maji, salamu za familia yangu, na salamu za mama mkwe wangu, ambaye anaendelea vizuri na magoti. (Makofi kutoka viti vyenye vitambaa.)

Ndugu watumishi, leo tumekusanyika hapa, kila mmoja na mkoba wake mmoja mapajani, ili kuzindua, kufungua na kuwekea msingi Ziara ya Mafunzo katika Mji wa Baridi na Mvua, ziara ya kimkakati ambayo shabaha yake ni kuwajengea uwezo, kuwanoa na kuwaongezea eksipozha mafundi wetu, ili wakajionee namna wenzetu wanavyoziba bomba huku mvua ikiwanyeshea, tofauti na sisi ambao tukiona wingu tunarudi ofisini kunywa chai. (Kicheko. Mkuu wa mafundi anaangalia viatu vyake.)

Na kwa kuwa mimi si mtu wa kukurupuka, nilifanya utafiti, nikagundua kwamba safari nyingi za watumishi huko nyuma zilifeli kwa sababu moja tu, nayo ni mizigo. Mtu anakwenda kwa siku chache anabeba masanduku kana kwamba anahama na kitanda! Ndipo nikabuni, peke yangu, bila kusaidiwa na mtu, Sera ya Mzigo Mwepesi, ambayo fremuweki yake ni rahisi hata kwa mtu wa kawaida kama ninyi: shati moja mwilini na moja mkobani, suruali moja, siku ya kwanza ivaliwe nje nje, siku ya pili igeuzwe, soksi zikunjwe ndani ya kikombe, na mswaki mmoja kwa kila watumishi wawili wa kitengo kimoja, ili kukuza mshikamano. (Minong'ono. Sauti: “Mshikamano wa meno?”)

Hata wahenga waliliona hili wakasema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mmesikia? Usufi! Maana yake ni kwamba mzigo ukisimamiwa na mwenzako unakuwa mwepesi. (Fundi bomba mmoja: “Siyo maana yake hiyo, mheshimiwa!”) Asante, mchango wako umepokelewa. Na kwa kuzingatia methali hiyo, niliagiza kwamba vitu vyote vizito, yaani makoti, masweta, miavuli, mabuti ya mpira na mablanketi, vikabidhiwe ofisini kwangu vitangulie kwa lori, ili msafiri afike mikono mitupu akute koti lake limetundikwa linamsubiri. Mwitikio ulikuwa wa asilimia mia moja na nne, kwa maana hata majirani wa idara walileta. (Makofi hafifu.)

(Mama mmoja wa masjala anasimama, mkoba kifuani: “Samahani, mheshimiwa. Basi linaondoka saa ngapi?”)

Swali zuri sana, mama yangu, tena ni swali la msingi, na nakupongeza kwa uthubutu wa kuliuliza mbele ya watu waliokuzidi vyeo. Kuondoka, kitaalamu, si tukio, ni mchakato, na mchakato huo umeshaanza tangu pale ulipofunga zipu ya huo mkoba. Kaa tu.

(Hakai. “Mwanangu anaishi huko huko tunakokwenda. Anajifungua wiki hii, uzazi wa kwanza, na mumewe yuko safarini, hana mtu wa kumshika mkono. Nimemwambia nakuja. Ndiyo maana nauliza saa.”)

Hongera sana! Jamani, tumpigie makofi bibi mtarajiwa! (Makofi makubwa, kutoka kila kiti.) Mnaona faida za ziara? Hata kabla haijaanza imeshagusa uzazi salama, jambo ambalo halikuwa kwenye malengo yetu lakini kuanzia sasa litaingizwa kwenye ripoti kama mafanikio.

Sasa, mtaniuliza, mheshimiwa, wewe mwenyewe unaiishi sera yako? Ndugu zangu, kiongozi ni kioo. Mwezi uliopita niliongoza Ziara ya Tathmini ya Awali kwenda mji huo huo, na nawahakikishia mbele ya kamera kwamba nilibeba mkoba mmoja tu, tena wa kwapani. Masanduku mengine yaliyoonekana kwenye lori yalikuwa ya mke wangu, watoto, shemeji zangu na mama mkwe, ambao si watumishi, hivyo sera haiwahusu. Kule tulikuta baridi ya kiwango cha juu na mvua yenye sifa zote, na kwa kuwa makoti yenu yalikuwa yameshatangulia na yamekaa bure, tuliyafanyia pailoti. Tuliyavaa asubuhi, tukayavaa jioni, tukayavaa tukipanda milima na tukila. Nina furaha kuwatangazia kuwa makoti yenu ni imara! (Mtu mmoja kwenye kiti chenye kitambaa anapiga makofi, anaangaliwa, anaacha.)

(Mama wa masjala: “Hata hilo ulilovaa ni la marehemu mume wangu. Kifungo cha tatu nilikishona mwenyewe, nikakosa uzi mweusi nikatia mwekundu. Nililitoa ili likamsitiri mwanangu na baridi.”)

Ni kweli kabisa, mama, na hiki hapa kifungo chenyewe, hakijatetereka! Hilo ndilo tunaloita ubora wa kazi za ndani. Nimelivaa leo kwa makusudi, pamoja na joto lote hili, ili mpate taswira.

Basi nije kwenye kiini. Kamati, yaani mimi, ilikaa na kujiuliza: kama mzigo mwepesi una faida, je, safari nyepesi? Mkoba ukipunguzwa vitu unakuwa bora. Na ziara ikipunguzwa mwendo je? Tukaainisha vigezo vya kule tunakokwenda, tukavikuta viwili tu, baridi na mvua. Naomba muangalie juu. Hizo feni, kuanzia jana, zimewekwa spidi ya mwisho. Na hayo matone yanayodondoka kwenye ndoo tangu tumeingia yanatoka kwenye tangi letu lililo juu ya paa, ambalo limevuja kwa muda mrefu bila mafundi wetu kulithamini. Baridi, ipo! Mvua, ipo! Mafundi wanaoiangalia mvua bila kuziba kitu, wapo! Kwa hiyo, ndugu watumishi, ninayo heshima kuwatangazia kwamba tangu mlipokaa kwenye viti hivyo, mlikuwa ziarani. (Kelele. Mikoba inadondoka. Fundi bomba: “Na lile basi je?”)

Tulieni, asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Basi lile tumeliazima kwa ajili ya picha, na mwenyewe analitaka.

Naomba sasa nitoe shukrani. Namshukuru mpiga picha, aliyewanasa mikoba ikiwa mapajani na nyuso zimejaa matumaini, wafadhili watafurahi. Nawashukuru waliotoa miavuli, watoto wangu waliichezea sana. Na kwa namna ya pekee namshukuru yule, simjui jina, aliyefuma shali ndogo ya manjano, laini kweli kweli. Mama mkwe anafunika nayo magoti mpaka leo, na amesema haitoi.

(Mama wa masjala: “Ilikuwa ya mtoto.” Anatoka kwenye mstari wake. Watu wanamwachia njia.)

Mama, hotuba haijaisha. Mama, kuna kipindi cha maswali. Jukwaani hapapandwi bila kibali cha... (Amepanda. Amenyoosha mkono. “Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mheshimiwa. Vua.”)

Ndugu watumishi, kama mnavyoona, koti hili ninalivua kwa hiari yangu, bila shinikizo lolote, kwa mujibu wa Sera ya Mzigo Mwepesi, ambayo mimi ndiye muasisi... mkono wa kushoto umenasa kidogo, mama, vuta taratibu... na huu ni ushahidi kwamba uongozi wetu unasikiliza. (Mama amelikunja koti, amelitia mkobani, na zipu imefunga. Dereva kutoka mlangoni: “Njoo nikufikishe stendi, mama. Mwenye basi akiuliza, nitasema foleni.” Fundi bomba anavua kofia yake, anaizungusha kukusanya nauli ya mama. Kofia inapita viti vyote, hata vyenye vitambaa. Watu wanatoka na mikoba yao kumsindikiza.)

Jamani, picha ya pamoja bado! Wapiga makofi, rudini! Mafundi, angalau mmoja abaki azime feni, mimi sasa nimebaki na shati! (Ukumbi ni viti na ndoo. Honi ya basi inalia nje.)

Basi tuhitimishe. Mzigo mwepesi! Idara sikivu! Maji kwa wote, makoti kwa zamu! Kwa niaba ya kamati napenda kuwatangazia kwamba tumefika salama, hakuna aliyepotea wala aliyeugua, na lengo limefikiwa kwa asilimia zote. Karibuni nyumbani, na asanteni sana kwa kusafiri nasi.